Kompyuta yangu ilikuwa salama daftarini, hadi ilipoibwa

JIONI moja ya mvua mwezi Februari mwaka 2025, niliteremka kwenye teksi jijini Kampala nikiwa na mwavuli mkononi na mkoba begani. Nilipofika nyumbani ndipo nilipogundua kwamba mkoba ulikuwa mwepesi mno. Kuna mtu aliyekuwa ameufungua zipu, akaitoa laptopu, kisha kwa heshima zake akaufunga tena.

Sikulalamika. Nasema kweli, msomaji, nilitabasamu. Kwa muda wa miaka minne nilikuwa nikiwatambia wenzangu kwamba kompyuta yangu haiwezi kuibwa, kwa sababu kompyuta yangu si lile bati na plastiki. Kompyuta yangu ni maandishi yaliyomo katika folda moja, na folda hiyo ina nakala mahali pawili. Nikajiambia: kesho nitanunua nyingine iliyotumika, usiku nitaiamuru iwe kama ile iliyokwenda, na asubuhi niko kazini.

Ilinichukua siku tisa.

Kwanza nieleze daftari lenyewe, maana wengi watajiuliza kompyuta inawezaje kuwa maandishi. Kwa kawaida mtu huitengeneza kompyuta yake kidogo kidogo. Leo anaweka programu ya kuandikia, kesho anabadili mpangilio wa herufi za kibodi, keshokutwa fundi anakuja kuunganisha printa na kuondoka bila kueleza alichofanya. Baada ya miaka miwili mashine inafanya kazi vizuri, lakini hakuna anayejua kwa nini. Ikifa, kila kitu kinaanza upya kwa kukumbuka kichwani.

Njia nyingine ni kuandika jinsi unavyotaka kompyuta iwe, kisha mashine yenyewe ijue namna ya kufika hapo. Ni tofauti iliyopo kati ya kumtuma mtoto dukani kwa maelekezo ya hatua kwa hatua, na kumkabidhi mtu mzima orodha ukamwambia: jua likizama nataka jikoni kuwe na vitu hivi, visipungue wala visizidi. Huyo wa pili akikuta sukari ipo, haendi kuinunua. Akikuta kitu ambacho hakimo kwenye orodha, anakitoa.

Mfumo ninaoutumia mimi unaitwa NixOS. Chimbuko lake ni Uholanzi. Eelco Dolstra alianza kazi hiyo mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Utrecht, na tasnifu yake ya udaktari ikatoka mwaka 2006. Mwaka huohuo Armijn Hemel, katika tasnifu yake ya uzamili, alionyesha kwamba mfumo mzima wa Linux, siyo programu moja moja tu, unaweza kujengwa kwa njia hiyo. Jina limetokana na neno la Kiholanzi "niks", yaani hakuna kitu, kwa kuwa programu inapojengwa haioni chochote ambacho hakikutajwa katika maandishi. Nembo yake hata hivyo ni chembe ya theluji, kwani "nix" kwa Kilatini ni theluji. Sisi tunaoishi kwenye ikweta, ambao theluji yetu yote iko juu ya Rwenzori, tumeizoea hivyohivyo.

Kila kilichojengwa huwekwa ghalani, kwenye folda yenye jina linaloanza na herufi na tarakimu 32. Hizo hukokotolewa kutokana na kila kitu kilichotumika kukijenga. Ukibadilisha jambo moja dogo, jina nalo linabadilika, na folda mpya inaundwa kando ya ile ya zamani bila kuigusa. Kwa sababu hiyo kila ninaporekebisha daftari, mashine hupata kizazi kipya, huku vizazi vya nyuma vikibaki kwenye orodha inayoonekana wakati kompyuta inawaka. Ukiharibu, unachagua kizazi cha jana.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, mimi nilikuwa nimevuruga mipangilio ya skrini usiku uliotangulia. Hakuna kilichohitaji kupakuliwa. Nilizima, nikawasha, nikachagua kizazi cha nyuma, nikaendelea na kazi. Siku ile ndiyo iliyonitia kiburi.

Daftari lenyewe linatunzwa na Git, programu aliyoiasisi Linus Torvalds mwaka 2005. Git hukumbuka kila badiliko, tarehe yake, na sababu uliyoiandika wakati huo. Nakala moja ilikuwa kwenye laptopu. Nyingine ilikuwa kwenye kompyuta ya mezani ya zamani iliyo chini ya meza yangu nyumbani, ambayo naiita seva ili ijisikie vizuri.

Isije ikadhaniwa kuwa sikuwa nikilijaribu daftari hilo. Nilikuwa na utaratibu ambao hata leo siuonei haya. Kila badiliko nililijenga kwanza bila kuliwasha, kwa amri ya nixos-rebuild ikifuatwa na neno "build". Ukikosea jina la mpangilio, au ukiandika tarakimu mahali panapotakiwa jina, hapo hapo unaambiwa. Badiliko kubwa nililiwasha ndani ya kompyuta ya kufikirika, yaani kompyuta iliyomo ndani ya dirisha la kompyuta nyingine, kwa "build-vm". Mara ya kwanza nilijifungia nje: mtumiaji wangu hakuwa na neno la siri ndani ya mashine ile mpya, nikabaki natazama mlango niliojenga mwenyewe.

Kisha linakuja neno "test", ambalo wengi hulidharau. Hilo huwasha mipangilio mipya papo hapo lakini haliiweki kuwa ya kuanzia wakati wa kuwaka. Seva ikiwa mbali, nawe kwa bahati mbaya umefunga mlango wa mtandao unaopitia, mtu yeyote aliye karibu nayo akiizima na kuiwasha inarudi ilivyokuwa. Ukitumia "switch" kwa pupa, kosa lako linadumu hadi mtu mwenye kujua aikalie mbele achague kizazi cha zamani. Nililijifunza hilo kwa safari moja ya kurudi nyumbani saa sita mchana, kwa bodaboda, kwa ajili ya kubonyeza kitufe kimoja.

Basi nilikuwa na hatua zangu zote. Lakini kila jaribio nililofanya, nililifanya nikiwa nimeikalia mashine ileile.

Usiku wa kwanza niliwasha laptopu mpya kwa flashi, nikagawa diski, nikalivuta daftari kutoka kwenye seva, nikaamuru mfumo ujengwe. Gigabaiti kadhaa zilishuka. Niliwasha upya. Skrini ikaniambia inasubiri diski. Ikasubiri, nami nikasubiri, kisha ikakata tamaa.

Kisa kilikuwa rahisi. Katika daftari kuna ukurasa mmoja unaoeleza maungo ya mashine: diski ipi, sehemu ipi ya diski ina nini, na kila sehemu ina namba yake ndefu isiyofanana na nyingine. Ukurasa wangu ulieleza diski iliyokuwa mikononi mwa mwizi. Nilitengeneza ukurasa mpya, nikaupa jina jipya, nikajenga tena. Nikaambiwa faili hiyo haipo, nami naiona kwa macho yangu! Nilipoteza saa mbili kabla ya kukumbuka kwamba kwa namna ninavyoliandika daftari, Nix haioni faili ambayo Git haijaambiwa. Neno moja tu, "add", na kazi ikaendelea.

Hayo ni ya kuudhi. Hayakunitisha.

La kutisha lilikuja usiku wa pili, mfumo ulipowaka vizuri, na mandhari yangu ya zamani, na herufi zangu za kawaida, kisha ukakataa neno langu la siri. Hapo nikaanza kuelewa nilichokifanya.

Ghala la Nix linasomeka na kila mtumiaji wa mashine. Kwa hiyo huwezi kuandika neno la siri katika daftari waziwazi, lazima ulifiche. Mimi natumia programu iitwayo sops-nix. Ifikirie kama sanduku lenye milango, na kila mashine unayoiruhusu ina mlango wake na ufunguo wake. Mlango wowote ukifunguka, unapata vilivyomo vyote. Ufunguo wa laptopu ulikuwa umetokana na kitambulisho cha laptopu yenyewe, kile inachotumia kujitambulisha mtandaoni, na kitambulisho hicho huundwa mfumo unapowekwa mara ya kwanza. Laptopu mpya ilikuwa na kitambulisho kipya. Ule wa zamani ulikuwa umeondoka na teksi.

Neno la siri la kuingilia halikunisumbua, hilo unaandika jipya. Lakini ndani ya sanduku lile kulikuwa na neno la siri la restic, programu inayotunza akiba ya faili zangu. Akiba yenyewe ilikuwa salama kabisa, kwenye diski ya nje niliyoiacha kwa dada yangu Bombo, kaskazini ya Kampala, ili moto au mwizi asipate vyote mahali pamoja. Restic hufunga kila kitu, na walioitengeneza wanaonya wazi kwamba ukipoteza neno la siri umepoteza data. Nami nilikuwa nimeiachia mashine izalishe neno hilo, refu, la ovyoovyo, ambalo hakuna binadamu anayeweza kulikumbuka. Nililisifu kwa urefu wake siku ile.

Kazi zangu za miaka mingi zilikuwamo humo. Hizo ningeweza kuzililia na kuziandika upya. Zilikuwamo pia rekodi za marehemu baba, nilizozichukua mwaka 2019, akisimulia ukoo wetu kwa Kinubi na Kiswahili, nani alitoka wapi na nani alimwoa nani. Nakala nyingine ilikuwa kwenye laptopu. Mahali pa tatu hapakuwapo.

Nilizunguka siku tano. Nilijaribu maneno ya siri ya zamani. Nilipekua flashi zote za nyumbani. Nilimpigia dada simu kumuuliza kama diski iko salama, akanijibu, "Iko kabatini, kaka, wala haijaguswa," na sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba nimebaki na sanduku bila ufunguo.

Siku ya saba nilimsimulia kijana mmoja wa ofisini, ambaye huniita Mzee ingawa tofauti yetu ni miaka kumi na miwili tu. Alinisikiliza huku akila chapati. Kisha akauliza:

"Mzee, seva yako haikuwa na mlango kwenye hilo sanduku?"

Nikamjibu kwamba ilikuwa nao zamani. Mwezi Agosti 2024 niliung'oa, kwa sababu sikuona vema seva isome siri za laptopu. Ni kanuni nzuri, kila mashine ipewe kile inachohitaji tu.

"Lakini Git haisahau," akasema. "Sanduku la Julai bado lipo na mlango wake. Na seva hujaibadilisha."

Nikanyamaza. Jioni ile nilirudi nyumbani, nikalirudisha daftari nyuma hadi toleo la Julai, nikaipa seva sanduku lile. Lilifunguka. Neno la siri la restic lilikuwa halijabadilika tangu siku nililolitengeneza. Jambo lililonikosesha usingizi wiki nzima lilimalizika ndani ya dakika tano.

Hata hivyo furaha ile haikudumu hadi asubuhi. Nilipokuwa nimelala ndipo nikaona upande wa pili wa jambo. Kama Git haisahau kwa faida yangu, haisahau pia kwa faida ya aliyeichukua laptopu. Diski yake sikuwa nimeifunga kwa siri. Nilikuwa nimeahirisha mwaka mzima. Mtu yule alikuwa na daftari, alikuwa na historia yake yote, na alikuwa na ufunguo. Kubadilisha milango ya sanduku wakati huo kusingesaidia chochote, kwani nakala yake tayari ilikuwa wazi. Kilichobaki ni kubadilisha vilivyomo. Siku mbili za mwisho kati ya zile tisa zilikwenda katika kubadilisha kila neno la siri ninalolimiliki, moja baada ya jingine, nikianza na la barua pepe.

Tangu hapo nimeliandika daftari upya kwa jicho jingine. Diski sasa imefungwa. Kila sanduku lina mlango wa tatu ambao si wa mashine yoyote, na ufunguo wake umechapishwa kwenye karatasi. Ukurasa wa maungo ya mashine umetengwa kando, ili mtu asiuchukue kwa mazoea kama nilivyouchukua.

Nimeandika pia majaribio ya kujiendesha, jambo ambalo NixOS inalifanya vizuri kuliko mifumo mingi niliyoiona. Unaandika programu fupi ya Python: washa mashine mbili za kufikirika, moja iwe seva, nyingine laptopu, subiri huduma zote ziamke, andika faili, itie akibani, ifute, irudishe, hakikisha ni ileile. Mashine zile huzaliwa na kufa ndani ya dakika chache bila kuigusa kompyuta halisi. Kabla ya kupokea toleo jipya la NixOS, ambalo hutoka kila Mei na Novemba, mimi husubiri majaribio hayo yapite.

Lakini yana upofu wake, na huo ndio ninaowaonya wenzangu. Mashine ya majaribio hutumia ufunguo wa majaribio. Jaribio langu lingepita bila shida usiku uleule laptopu ilipoibwa. Vilevile hifadhidata: katika daftari kuna mstari unaotaja toleo la mfumo lililokuwapo data yako ilipoanza, na wapo wanaoupandisha kila mwaka wakidhani ndio kusasisha mfumo. Kwenye mashine tupu kila kitu kinapita. Kwenye mashine yenye data, PostgreSQL ya toleo jipya inaamka na folda tupu, na data ya zamani imebaki kando bila kuhamishwa. Daftari linajua programu zako. Data yako hailijui kabisa, na maungo ya mashine linayajua kwa kusimuliwa tu.

Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu nafanya zoezi ambalo mke wangu analiita msiba wa kuigiza. Laptopu yangu naifungia kabatini, na seva naizima. Nachukua kompyuta moja kuukuu niliyoinunua kwa kazi hiyo, naifuta yote, kisha najaribu kuirudisha kazini kwa vitu ambavyo mtu aliyeibiwa angebaki navyo: flashi, simu ya mkononi, na nakala ya daftari iliyoko mtandaoni. Kila mara linajitokeza jambo. Mara moja nakala ya mtandaoni ilihitaji neno la siri lililokuwa ndani ya sanduku lililokuwa ndani ya nakala hiyohiyo. Mara nyingine flashi ilikuwa imekufa.

Zoezi la mwisho nililifanyia Bombo, kwa dada, kwa kuwa diski na karatasi viko kwake. Karatasi anaihifadhi kwenye mfuko mmoja na hati ya kiwanja. Ufunguo ni mstari mmoja wa herufi kubwa na tarakimu zisizo na maana yoyote, na njia pekee ya kuuingiza ni kuuandika. Yeye akawa anasoma, mimi naandika, balbu ikiwa hafifu na miwani yake ikiwa imevunjika mkono mmoja.

"Kaka, hii ni sifuri au ni O?"

"Sifuri. Baada ya ile moja ya mwanzo, O haimo kabisa, waliotengeneza waliitoa makusudi."

"Wamefanya la maana."

Mara ya kwanza ulikataliwa. Mna tarakimu za kuhakiki mwishoni, na mahali fulani nilikuwa nimekosea herufi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nilisoma mimi akaandika yeye, ukakubali. Saa tano na dakika ishirini usiku faili zilianza kurudi, na ili kuhakikisha ni nzima nilifungua mojawapo bila kuchagua. Ilikuwa sauti ya baba, akihesabu majina. Nilisikiliza nusu dakika, inatosha kwa zoezi, nikanyoosha mkono kuifunga.

"Iache kwanza," dada akasema.